Koti la Juu la Dunia

Machi 4

Mvua za kwanza. Saa nne asubuhi mdogo wangu amenitumia ujumbe kwa simu, wa kwanza tangu mwaka uanze. Naunakili kama ulivyo, ili siku akikana niwe na ushahidi:

"Dada shikamoo. Naomba unishonee koti la juu la Dunia na ganda la bara. Ni haraka. Vipimo nitaleta. Usiseme kwa watu kwanza."

Mdogo wangu ana miaka thelathini na nane. Anafanya kazi jumba la makumbusho, kitengo cha mawe, peke yake kitengo kizima. Hajawahi kunionyesha mwanamke hata kwa picha. Leo ananiagiza koti la mwanamke anayeitwa Dunia, na nisiseme. Mimi niliyemlea tangu ana miaka tisa, kwa cherehani ya miguu niliyoinunua mbovu nikaitengeneza mwenyewe, habari ya mchumba inanifikia kama oda.

"Ganda la bara" limenisumbua kidogo. Nimeamua ni kitambaa kigumu cha nje, maana huko bara kuna baridi. Basi wakwe ni watu wa bara.

Nimejibu: "Marahaba. Nipe kifua, kiuno, mikono, urefu."

Amejibu: "Kiuno elfu arobaini. Vingine nakuja navyo."

Kidole kimemteleza kwenye sifuri. Inchi arobaini ni mwanamke mwenye mwili, mwenye afya. Sina neno.

Machi 5

Nimemwambia Mama Saluni wa mlango wa pili. Yeye tu.

Machi 6

Watu kumi na mmoja wamenipa hongera. Fundi viatu ameuliza kama Dunia ana mdogo wake.

Machi 8

Mdogo wangu amekuja, amelowa, na bomba refu la karatasi kwapani.

"Shikamoo Dada. Mbona yule wa saluni kanipigia vigelegele?"

"Marahaba. Dunia umemwacha wapi? Nje, na mvua hii?"

"Dunia gani?"

"Mchumba wako. Kiuno arobaini."

Kisha akakaa juu ya sare za shule nilizotoka kuzipiga pasi, akacheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikucheka. Sare kumi na nne hazijipigi pasi zenyewe.

"Dunia hii, Dada. Tunayoikanyaga. Kiuno chake kilomita elfu arobaini."

Kumbe ndiyo hivyo. Wataalamu walipokaa kutafuta jina la lile tabaka nene la mawe lililo chini ya miguu yetu, wakaliita koti. Lina sehemu ya juu na ya chini, na ile ya juu ndiyo koti la juu. Na kile kitu chembamba kinacholifunika, chenye mabara na sakafu ya bahari, wakakiita ganda.

"Yaani koti liko ndani, ganda liko nje?"

"Ndiyo."

"Nimeshona miaka ishirini na tisa. Koti linavaliwa juu. Hilo mliloliita koti ni shimizi."

"Jina limeshaingia vitabuni, Dada."

"Na aliyelitia hakuwa fundi."

Akakunjua karatasi yake kwenye meza ya kukatia. Hapo ndipo kicheko kilipomwisha, akanieleza shida. Mkurugenzi wa makumbusho anataka kuutoa ukumbi wa mawe kwa nyoka. Bwana Nyoka, mwenzake wa kitengo cha wanyama, ana nyoka tisa wazima na wageni wanapanga foleni. Mawe hayana foleni. Mdogo wangu ameomba nafasi moja ya mwisho: mwishoni mwa Aprili shule zitaalikwa, watoto waachwe saa nzima waende ukumbi wanaoutaka. Wakijaa kwenye mawe, ukumbi unabaki. Wasipojaa, ukumbi ni wa nyoka na mkataba wake hauongezwi. Ndiyo maana anataka dunia ya kitambaa ya kutundika ukutani, iliyokatwa kama mkate, tabaka zake zionekane.

"Na mkataba usipoongezwa?"

Akainama akijifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Mimi najua jibu. Atarudi kwangu. Alishakaa kwangu miaka miwili baada ya chuo, yeye na maboksi ishirini na tatu ya mawe. Nililala nimekunja miguu kwa sababu kitandani, upande wa miguuni, kulikuwa na kitu alichokiita "sampuli".

Nimekubali kazi.

Machi 9

Mvua. Malipo hatukuyataja. Ndugu huyo.

Machi 13

Vipimo vya kweli. Kilomita moja ni sentimita moja. Koti la juu linashuka hadi kilomita mia sita na sitini, basi mita sita na sitini za kitambaa. Upana mita nane. Ganda la bara sentimita arobaini, na chini ya milima hata sabini. Ganda la bahari sentimita saba.

"Saba tu? Hilo ni pindo la suruali."

"Ndiyo. Bahari kina chake kinatisha, lakini sakafu yake nyembamba."

Nimemuuliza swali la fundi: bara na bahari, kwa nini unene haulingani, wakati vyote vimekatwa kwenye jora moja? Ndipo akaanza. Nilikuwa napanga vifungo, nikamwacha aseme.

Anasema mwanzoni dunia ilikuwa moto mtupu, mawe yameyeyuka kama nta. Vizito vikazama, vyepesi vikapanda. Koti lilipoanza kuganda liliendelea kuchemka kwa ndani, na kila lilipoyeyuka kidogo, lilichuja. Halikuyeyuka lote, kidogo tu. Kilichochujwa kikapanda juu, kikaganda, kikawa jiwe jeusi. Hiyo ndiyo sakafu ya bahari.

"Kama kitenge kibaya kwenye beseni," nikasema. "Rangi inatoka, nguo inabaki."

"Hivyo hivyo. Na nguo inayobaki imepauka."

"Na bara je?"

"Bara limechujwa mara mbili. Lile jiwe jeusi likanywa maji ya bahari, likapoa, likawa zito, likazama tena ndani ya koti. Huko likapikwa pamoja na maji yake, likachuja tena. Kilichotoka mara hii ni chepesi zaidi, cha kijivu, cha waridi. Hicho hakizami tena."

Nilitaka kujua chepesi kiasi gani, maana kila muuzaji wa vitambaa ananiambia chake ni chepesi. Akanipigia hesabu kwa debe. Debe la maji kilo ishirini. Debe la jiwe la bara kilo hamsini na nne. La sakafu ya bahari sitini. La koti sitini na sita. Basi bara linaelea juu ya koti kwa tofauti ya kilo kumi na mbili kwa debe. Hilo nimelielewa kuliko yote aliyosema tangu azaliwe.

Machi 14

Nimechagua: koti, mablanketi ya kijani. Bahari, bitana nyeusi. Bara, mabaki ya suti za kijivu na gauni za waridi. Vya kujazia ni vipande vya sakafuni kwangu. Ninavyo magunia kumi na moja.

Machi 17

Mvua siku nzima. Mama Saluni ameuliza harusi lini. Nimemwambia bibi harusi ana miaka bilioni nne na nusu. Amesema siku hizi wanaume hawaangalii umri.

Machi 22

Ugomvi. Nilikuwa nimekata bara zuri, kitambaa kimoja cha kijivu, bila mshono. Amekuja akalitazama kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

"Dada, bara halikuwa hivi. Bara ni viraka."

"Viraka vya nani?"

Ikabidi afungue karatasi nyingine. Katikati kuna mawe ya kale sana, ya miaka bilioni tatu, mengine zaidi. Visiwa vya moto, yaani vya volkeno, vikasukumwa vikagonga ukingoni, vikashika. Vingine vikaja, vikashika juu ya hivyo. Kila mgongano ukaacha mkunjo, mikunjo ndiyo milima. Kiraka cha katikati ndicho kikuukuu, na kadiri unavyoenda pembeni vinakuwa vipya.

"Miaka kumi na tisa ya shule," nikamwambia, "ukagundua viraka. Ungeniuliza mimi."

"Ningekuuliza ungeniambia niende kuchota maji."

Hilo ni kweli. Nimefumua bara. Mita kumi na mbili za mshono, na sikumpikia.

Machi 23

Bara la viraka ni zuri zaidi. Sijamwambia.

Machi 30

Mizizi. Chini ya kile kiraka kikuukuu anataka koti liwe na uvimbe wa mita mbili kwenda chini, wa kijani kilichopauka, kama jino na mzizi wake. Nimemuuliza kwa nini. Anasema sehemu hiyo ya koti ilichujwa sana zamani, ikakamuliwa mpaka ikabaki nyepesi na kavu, ikapoa, ikagandia chini ya bara na haijaachia tangu hapo. Nyingine zote zinatembea, zinazunguka, zinapanda na kushuka. Yenyewe imeshikilia tu.

"Kwa hiyo iliyokamuliwa ndiyo inayobeba?"

"Ndiyo, Dada."

Nilipata kazi ya kutafuta sindano.

Aprili 2

Ukuta wa choo umevuja. Nimeweka ndoo.

Aprili 9

Nimekwenda makumbusho kupima ukuta. Ukumbi wa mawe una kabati sita, harufu ya chumba kilichofungwa, na kiti kimoja. Nadhani ni cha mdogo wangu.

Tulikuwa tumeshika futi, yeye ncha ile, mimi ncha hii, Mkurugenzi akaingia. Mtu mpole, suti iliyokatwa vizuri, bega la kushoto limewekwa pamba nyingi kuliko la kulia.

"Mama, karibu sana. Kazi nzuri. Lakini tuambiane ukweli. Jiwe halili, halilali, haliumi. Mtoto atatazama nini?"

Nikamngoja mdogo wangu ajibu. Ana maneno huyu, kwangu haishiwi. Alikuwa ameinama, anatazama namba za futi kana kwamba ndiyo kwanza anaziona leo.

"Mkurugenzi," nikasema mimi, "hapo umesimama juu ya nini?"

"Juu ya sakafu, mama."

"Na chini ya sakafu?"

"Zege."

"Na chini ya zege?"

"Mama, nina kikao."

Alipotoka mdogo wangu akasema, "Dada, usimjibu hivyo, ndiye anayesaini." Kisha akaandika kipimo cha ukuta kwenye kiganja, kama alivyokuwa akiandika shuleni. Nilikwenda nina hasira naye, kwa sare za watu zilizolala kwa ajili yake. Nimerudi nina hasira na suti ile.

Aprili 10

Nimefungua mapema. Sare za watu zitangoja.

Aprili 15

Naandika yote, nipate kutulia.

Jana jioni nilitundika vipande vilivyokamilika kwenye vyuma vya darini. Nilivitundika kichwa chini, koti juu na bara chini, kwa sababu mablanketi ndiyo mazito na pindo lake ndilo lenye vitanzi. Asubuhi nimefungua mlango, maji yananingoja kizingitini. Bati limeachia msumari. Mvua ilikuwa imeingia mahali pamoja tu, juu ya koti la dunia. Mablanketi yale muuzaji aliniapia kwamba hayachuji. Yamechuja. Kijani kimeshuka kwa michirizi mpaka kwenye bara, kimeingia kwenye kijivu, kwenye waridi, kwenye kila kiraka. Kazi ya mwezi mzima ilionekana kama shati la mpaka rangi.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Mama Saluni akaja, akatazama, akasema pole, akatazama tena, akasema ni pambo la kisasa. Nikamwomba aende.

Mdogo wangu amefika saa tano. Nilikuwa nimeshapanga ya kumwambia: kwamba nilikuwa na kazi zangu, kwamba yeye na dunia yake hawakualikwa hapa, kwamba bati hilo nililipigilia mwenyewe mwaka ule alipokuwa chuoni. Hakunipa nafasi. Aliinamisha kichwa upande, akakiinamisha zaidi, mwisho akawa anatazama akiwa amepinda kama mtu anayetafuta kitu chini ya kabati.

"Dada, geuza."

"Nigeuze nini?"

"Lishushe, uligeuze. Bara liwe juu."

Tukaligeuza, watu wanne, pamoja na fundi viatu. Michirizi iliyokuwa imeshuka sasa ilikuwa inapanda. Inatoka kwenye koti, inapenya, inatawanyika ndani ya bara kama mizizi ya mti. Na pale kilipotoka kijani, blanketi limepauka.

Mdogo wangu alishika mdomo. "Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Ndivyo lilivyochuja."

Nikaanza kupumua. Lakini huyu ni yule yule, haikupita dakika.

"Ila rangi ingetakiwa ibadilike njiani. Itoke kijani, iwe nyeusi, izame, ndipo iwe waridi."

"Kaiambie mvua," nikamjibu.

Akaketi kwenye sare tena. Sasa tulicheka wote.

Aprili 19

Mvua. Nimeziba bati.

Aprili 24

Uzito wote kilo tisini. Nimewaambia maseremala wa makumbusho misumari kumi na miwili, yaani kilo saba na nusu kila mmoja. Wamepigilia minane. Nimeuliza. Mdogo wangu anasema aliwaambia inatosha, minane inapangika vizuri.

"Ni zaidi ya kilo kumi na moja kwa msumari."

"Limeelea miaka bilioni tatu, Dada."

"Halikuwa limepigiliwa ukutani."

Aprili 27

Mvua tangu alfajiri. Shule sita zilialikwa. Barabara imekatika, imefika moja, kwa miguu. Watoto thelathini na wanane na mwalimu wao, wamelowa mpaka soksi, meno yanagongana. Mkurugenzi akasema ratiba ni ratiba.

Bwana Nyoka alikuwa mlangoni mwa korido na visanduku vyake tisa vya kioo. Si mtu mbaya. Alinisalimia, akasifu mishono.

Mdogo wangu akasimama mbele ya koti. Amevaa shati nililomshonea kwa mahafali, linambana. Akaanza vizuri. Akafika kwenye, "Na tangu hapo, watoto, ganda la bara halijazama," msumari wa kwanza ukatoka. Mlio mdogo, kama kifungo kinachokatika. Kisha wa pili. Kisha sita kwa pamoja. Dunia ilishuka taratibu, kama mtu mzima anayekaa chini, ikatandazika sakafuni mbele ya viatu vyake.

Mkurugenzi akatazama saa. "Basi," akasema, "watoto wawe huru. Saa moja."

Nilimtazama mdogo wangu. Alibaki na fimbo ya kuonyeshea, haina cha kuonyesha. Nilianza kuhesabu kichwani maboksi ishirini na tatu yatakaa wapi, nikajikuta nimeshayapangia: mawili chini ya meza, manne jikoni. Yaani sikuwa nahesabu ili nimkatae.

Bwana Nyoka akaita, "Njooni mumuone chatu."

Mvulana mmoja akauliza, "Anafanya nini?"

"Amelala. Kwa sababu ya baridi."

"Hata sisi tunasikia baridi," akasema mvulana.

Msichana mmoja mdogo, midomo imepauka kwa baridi, alikuwa ameshakaa ukingoni mwa bara. Akaligusa. Akainua pindo la bahari, akachungulia, akaingia. Kikabaki kinundu kinachotembea.

"Kuna joto huku," kinundu kikasema.

Sikuona tena watoto. Waliingia kwa bahari, kwa milima, kwa pale chini kabisa kilomita mia sita na sitini. Mwalimu aliwaita mara mbili, mara ya tatu akavua viatu vyake vilivyolowa akaingia naye. Dunia nzima ikawa inapanda na kushuka.

Mdogo wangu aliweka fimbo chini. Akavua viatu, akapiga magoti, akapotelea chini ya mzizi wa bara. Nikasikia sauti yake, ile ya nyumbani kwangu, isiyoishiwa:

"Aliyenikanyaga yuko wapi? Haya. Sasa mpo kilomita mia mbili chini. Hapa juu yetu ni bara. Nani anajua kwa nini halituangukii?"

"Kwa sababu limeshaanguka," sauti ikajibu, na koti lote likacheka.

"Vizuri. Na lilipokuwa halijaanguka?"

Akawaeleza. Debe kwa debe. Nyoka hawakuamka. Bwana Nyoka alisubiri nusu saa, akaniuliza kwa upole kama mle ndani kuna nafasi ya mtu mmoja. Nikamwonyesha upande wa bahari.

Mkurugenzi alikuja akainua ukingo kwa vidole viwili.

"Mko wangapi humo?"

"Thelathini na wanane," wakasema. "Na mwalimu. Na Mjomba Mawe. Na mtu wa nyoka."

Akaandika. Saa yao ilipokwisha hakuna aliyetoka, na nje mvua ilikuwa haijapungua. Akakaa kwenye kile kiti kimoja akasaini, ukumbi ubaki wa mawe, mkataba miaka mitatu. Alisaini mara moja, hakutaka hotuba. Niliposogea kumshukuru nikamwambia pia kuhusu bega la kushoto la suti yake. Ataileta nilirekebishe.

Mei 2

Jua. Nimetoa magunia nje. Mama Saluni amewaambia watu kwamba harusi imevunjika na mwanamke kaangukia ukumbini.

Mei 16

Mdogo wangu amekuja na kijigari cha kukokota, bara limefungwa juu kwa kamba. Limepasuka katikati, kutoka kaskazini kwenda kusini, vipande vya kujazia vinatoka. Shule saba zimelala ndani yake tangu ile siku.

Anasema mabara ya kweli nayo hupasuka hivyo hivyo: koti linasukuma kutoka chini, ganda linavutika, linakuwa jembamba, linaachia. Huchukua miaka milioni ishirini na zaidi. Nimempigia hesabu. Watoto wametumia siku kumi na tisa.

Tumelitandaza kwenye meza ya kukatia, yeye upande ule wa ufa, mimi upande huu.

"Mimi nifuate kitabu chenu," nimemwambia. "Bara likishapasuka, kwa kawaida linafanywaje?"

Alifikiri kwa dhati kabisa, akajikuna kidevu.

"Kwa kawaida, Dada, bahari inaingia." Kisha akavuta kiti, akauchukua mkebe wa sindano, akaanza kutafuta yenye tundu kubwa. "Lakini Jumatatu tuna shule nne."